Mapigo Matatu ya Ziada

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi. Nilivua viatu mlangoni mwa studio ya redio, nikaingiza mguu wa kulia, na mguu ukazama kwenye zulia.

Zulia lilikuwa nene kama kidole gumba. Chini yake palikuwa na zege. Nilikanyaga kwa kisigino mara tatu na hakuna kilichorudi.

Nikajaribu na kisigino cha pili.

Kwa msomaji aliyenikuta njiani leo, nieleze kwa ufupi nilikotoka. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Kazi yangu ni kuzunguka masokoni na madukani na sanduku la mawe ya kupimia, kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Siku zisizo za kazi naimba bluzi, zile nyimbo za polepole za mtu aliyefikwa, nikijipigia gitaa mwenyewe. Sikio langu la kushoto lilikufa miaka miwili iliyopita baada ya homa. La kulia limeanza kulifuata. Sauti nene ndizo zilizotangulia kuondoka: ngurumo, injini ya lori, besi. Daktari alinichorea mstari kwenye karatasi, akasema nina miezi sita, pengine mwaka. Katika sehemu ya wiki iliyopita niliishia pale alipokunja karatasi hiyo na kuniuliza nyumbani nani anajua.

Nilimjibu kwamba hakuna. Niliamini hivyo.

Haja yangu ilikuwa moja. Miaka yote nimeimba peke yangu. Nilitaka niimbe na wenzangu mara moja tu, wimbo urekodiwe, na niusikilize kabla sikio halijafunga duka.

Mume wa mdogo wangu anapiga saksafoni katika kundi la jazi la watu wanne. Mwimbaji wao alikuwa amehamia mbali, na shemeji akanipendekeza mimi. Wenzake walidhani anatania. Watu wa jazi na mtu wa bluzi ni kama fundi saa na mkata kuni: wote wana kazi ya chuma, lakini hawaazimani vyombo.

Kiongozi wao ni mpiga piano. Wanamwita Profesa kwa sababu huandika kila anachokisikia, hata mlio wa simu ya jirani. Anayepiga dramu ni mama wa watoto pacha, na wote tunamwita Mama Pacha. Anayepiga besi, lile besi kubwa la kusimama linalomzidi mtu kimo, anaitwa Kimya. Katika miezi minne sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi, na hilo halikuwa kosa la sikio langu.

Siku ya kwanza Profesa alinisikiliza akihesabu kwa vidole. Nilipomaliza akasema, "Dada, ubeti wa bluzi una mapigo arobaini na nane. Wako una hamsini na moja."

"Mkaguzi wa mizani," akasema Mama Pacha, "na ya kwake imechezewa."

Nilicheka pamoja nao. Sababu nilikuwa naijua.

Tulifanyia mazoezi ghorofani, juu ya karakana ya seremala, kwenye sakafu ya mbao tupu. Besi la Kimya husimama kwa kijiti cha chuma, na kijiti kile kiliichoma mbao. Mimi nilisimama peku, hatua moja kutoka kwake. Simsikii Kimya, namkanyaga. Kila alipovuta uzi, pigo lilipanda kwenye nyayo zangu hadi magotini. Wakaniuliza kwa nini sivai viatu. Nikawaambia kuimba peku ni mazoea yangu ya tangu zamani. Ulikuwa uongo, na nauandika hapa kama uongo.

Shida ilikuwa kabla ya mstari wa tatu. Profesa alikuwa amepanga hapo kundi zima linyamaze kwa mapigo manne, kisha wote turudi kwa pamoja. Ndani ya ukimya ule miguu yangu haikuwa na cha kushika. Nilimngoja Kimya apige ndipo niingie. Yeye naye, kwa adabu, alingoja niingie ndipo apige. Tulipishana pale kama wakwe wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake apite. Mapigo manne yakawa saba.

Niliamua kujirekebisha kwa siri. Profesa alikuwa ameupanga wimbo uende pigo moja kwa sekunde moja, kwa hiyo nilichukua saa ya kengele ya mezani, ile ya kutikatika, nikawa naibana kwenye mfupa wa taya. Mfupa husikia pale sikio linaposhindwa. Nilifanya hivyo wiki tatu, kila siku kabla ya kwenda kazini. Mdogo wangu alipita kunisalimia asubuhi moja, akanifumania jikoni.

"Dada, unaibusu saa?"

"Naangalia betri."

"Saa hiyo haina betri. Inatiwa ufunguo."

Aliweka chupa ya maziwa mezani, akaondoka bila kuuliza zaidi. Nilikaa na saa mkononi hadi mapigo ya moyo wangu yakashuka chini ya mapigo yake.

Kufikia Ijumaa, ukimya wa mapigo manne nilikuwa naupima manne, mara hamsini bila kukosea. Kila mara moja nilihesabu kwa njiti ya kiberiti. Sikumwambia mtu. Nilitaka wakutane na jambo hilo hewani, liwe zawadi yangu kwao.

Sasa nirudi studio.

Fundi mitambo alikuwa kijana wa miwani aliyezoea kuamrisha wazee. Alitueleza utaratibu: tunaingia hewani moja kwa moja saa tano kamili, wimbo mmoja, na nakala tutapewa. Mambo yakiharibika, anakata matangazo. Ana wimbo wa akiba tayari, hatanii. Kisha akaelekeza kidole kwenye chumba kidogo cha kioo pembeni. Besi litakaa humo, alisema, maana likikaa karibu na mwimbaji litavuja kwenye kipaza sauti chake.

Kimya aliinua besi lake akaingia kiooni. Mlango ukafungwa. Nilimwona akivuta uzi mara moja, kujaribu. Niliona uzi ukitetemeka. Miguuni hakikufika kitu.

Saa nne na dakika ishirini na mbili Profesa aliniita kwenye piano. Alikuwa na karatasi iliyopigwa mistari, mapigo yote ya wimbo yameandikwa kwa wino mweusi. Katikati palikuwa na mapigo matatu kwa wino mwekundu.

"Miezi minne tumejaribu kukunyoosha, tumeshindwa," alisema. "Wiki mbili hizi, tangu mazoezi yetu ya mwisho, tumekutana bila wewe. Tumejipinda sisi. Ule ukimya si nne tena, dada. Nimekupa saba."

Nilitazama wino ule. Watu wanne wenye kazi na familia walikuwa wamejifunza kosa langu hadi wakalijua kwa moyo.

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nimeshanyooka, arudishe nne. Kabla sijasema, akaweka kidole kwenye pigo jekundu la kwanza.

"Lakini kuna jambo sijalielewa. Nimesikiliza rekodi za mazoezi yetu kumi na moja. Unachelewa pale Kimya anaponyamaza. Piano ikinyamaza huchelewi. Dramu ikinyamaza huchelewi. Ni Kimya tu."

"Ni pumzi," nikasema.

"Pumzi haimfuati mpiga besi."

Nilikunja mikono kifuani. Profesa hakuwa na hasira. Alikuwa na swali, na mtu wa namna yake akishika swali haliachi. Namjua kwa sababu mimi ni wa namna hiyo.

Fundi mitambo, akiwa nyuma ya kioo cha chumba chake cha mitambo, akatoa ishara tuvae spika za masikioni. Nilivaa. Upande wa kushoto palikuwa pakavu. Upande wa kulia niliusikia mvumo kama wa nyuki ndani ya debe. Nikasimama mbele ya kipaza sauti nikingoja.

Walichonisimulia baadaye ni kwamba fundi aliniita mara tatu. Alikuwa amejiinamia kwenye mitambo yake, sikuiona midomo yake. Nilichoona mimi ni Mama Pacha akishuka kwenye kiti chake, akizunguka piano, akija kusimama uso kwa uso nami.

"Mwenzangu, unaitwa."

Alilitazama sikio langu. Kisha akaitazama miguu yangu, na mikono yake ikashuka.

"Mficha maradhi..." alianza, akaiacha methali katikati. Mwisho wake hakuna asiyeujua.

Nilivua spika. Profesa alikuwa amesimama. Shemeji alikuwa ameshusha saksafoni. Sikuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo nilisema kama ninavyoandika ripoti za kazini: sikio la kushoto halifanyi kazi. La kulia halisikii besi. Wimbo naufuata kwa nyayo, na hapa nyayo hazipati kitu.

Shemeji ndiye aliyeuliza kwanza. "Mke wangu anajua?"

"Hajui, shemeji."

"Basi hilo ni lako na yeye. Mimi msinitie katikati." Lakini alikuja akasimama upande wangu wa kulia, upande unaosikia. Hajawahi kusimama upande wa kushoto tena tangu siku hiyo.

Profesa aliikunja karatasi yake akaiweka juu ya piano. Alisema saksafoni itashika nafasi ya sauti yangu. Wimbo utakwenda bila maneno. Alisema hawezi kumpeleka hewani mtu asiyelisikia kundi lake, mbele ya nchi nzima, na kwamba akifanya hivyo atakuwa ananitendea vibaya mimi kwanza. Aliyasema polepole, akinitazama usoni, ili nisome kila neno.

Mizani mbovu huiachi sokoni kwa sababu mwenye nayo ni mtu mwema. Nimefunga mizani za wajane. Nimeweka muhuri mwekundu mbele ya watoto wao.

Nilianza kutafuta viatu vyangu.

Mlango wa kioo ukafunguka. Kimya alitoka amelikumbatia besi lake, spika alizotusikilizia zikiwa shingoni.

"Tangu mwezi wa kwanza wa mazoezi," alisema.

Wote tulimgeukia.

"Vidole vyake vya miguu hujikunja kabla sijapiga. Vinangoja. Mimi nilijua."

"Na hukusema?" Profesa aliuliza.

"Hukuniuliza."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Hawakusema kwamba mshindo wenyewe utakuja dakika ishirini na moja kabla ya kwenda hewani.

Kimya alielekea kwenye dramu. Zilikuwa zimepangwa juu ya jukwaa la mbao, la kimo cha kiganja, ili zisiteleze kwenye zulia. Alilionyesha kwa kidevu. Mama Pacha alielewa kabla yetu sote. Alianza kushusha dramu moja baada ya nyingine, akisema miguu yake yeye haichagui pa kukanyaga, ilishalea pacha. Shemeji akashika upande mwingine. Fundi mitambo alitoka mbio, akaeleza tena habari ya kuvuja, akaonyesha saa ukutani. Kimya alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akachomeka kijiti cha besi kwenye mwisho mmoja wa jukwaa.

Mimi nikapanda mwisho wa pili.

Alivuta uzi mara moja. Pigo likaja. Lilipita ubaoni likanishika visigino, na nilipumua kwa mara ya kwanza tangu mlangoni.

"Bado," alisema Profesa. "Geukia ukutani."

Niligeuka. Maelekezo yalikuwa mepesi: Kimya atapiga, mimi niinue kidole kwa kila pigo, nisimwone. Alipiga ishirini kwa mwendo wa wimbo. Kisha, bila kuniambia, wakabadilisha: haraka, polepole, haraka tena, mengine ishirini. Hivyo ndivyo ninavyokagua mizani, jiwe dogo, jiwe kubwa, kisha dogo tena, maana mizani ya udanganyifu huwa sahihi kwa jiwe moja tu. Nilijua kosa moja litatosha.

Shemeji alinigusa bega nigeuke. Profesa alikuwa ameshika penseli.

"Arobaini kwa arobaini," alisema. Alilitafuta neno la kazi yangu, akalipata. "Imepita."

Mama Pacha alipiga kofi moja. Fundi mitambo alirudi kiooni kwake akitikisa kichwa.

Hakuna aliyekumbuka kuujaribu ukimya. Hata mimi, niliyeajiriwa kukumbuka mambo kama hayo.

Saa nne na dakika hamsini na saba kila mtu alikuwa mahali pake. Shemeji aliniletea maji. Alisema, kwa midomo bila sauti, kwamba nikianguka ataingia na saksafoni aibebe sauti yangu. Niliinamisha kichwa kumkubalia. Nilibandika nyayo zote mbili ubaoni.

Taa nyekundu ikawaka.

Mtangazaji alisema yaliyo yake nyuma ya kioo. Profesa alihesabu kwa vidole ili nione: moja, mbili, tatu, nne. Ubao ukaamka. Besi lilikuja pana na tulivu, sekunde kwa sekunde, na juu yake niliweza kuokota vipande: sahani ya dramu, sauti ya juu ya saksafoni, kama nyota chache palipokuwa na nyingi. Nikaingia.

Nagonga mlango wako, nawe umo ndani, husikii.

Nililitunga neno hilo kabla ya homa, kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Sauti yangu ilitoka nzima. Niliisikia fuvuni. Nikaurudia mstari, kama bluzi inavyotaka, na Kimya alinitazama miguu, na mimi nikajua kwa hesabu kwamba niko sawasawa, thelathini na mbili kwa thelathini na mbili. Kwa muda wa mstari mmoja sikuogopa.

Kisha kundi likanyamaza, kama ilivyopangwa.

Ubao ukatulia. Nilihesabu kama nilivyojifunza na saa kwenye taya. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nikaingia kwenye mstari wa tatu, kwa wakati wake, bila kumngoja mtu.

Labda ulinijibu zamani, na mimi ndiye...

Ubao haukutikisika.

Pigo la tano. Nilikuwa naimba peke yangu. Akili yangu ilitoa maelezo matatu, moja nyuma ya jingine: kijiti kimechomoka ubaoni, wameacha kupiga, au miguu nayo imekufa, kama masikio. Sikuwa na njia ya kujua ni lipi.

Pigo la sita. Nilimtazama Profesa. Mikono yake ilining'inia juu ya piano, haijashuka, na mdomo wake ulikuwa wazi. Mbele yake ilisimama ile karatasi, imekunjuliwa, na katikati yake wino mwekundu. Saba. Sikuwa nimemwambia kwamba nimejifunza nne. Nilikuwa nimewaungamia kila kitu asubuhi ile isipokuwa hilo moja.

Pigo la saba. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa ameshasimama. Aliona mwimbaji asiyesikia akiimba, na wapigaji wanne wamenyamaza wakimkodolea macho. Kidole chake kikashuka kwenye swichi, na taa nyekundu ikazimika: hatukuwa hewani tena.

Pigo la nane, ubao ukatikisika chini ya nyayo zangu.